Mwanaheri na Jina Lililochelewa

Ukienda kununua mdalasini kwa Mwanaheri, soko kuu la Morogoro, jiandae kuulizwa jina. Ukishalitaja atakuuliza nani alikupa, na huyo aliyekupa alilitoa kwa nani. Wengine hudhani bibi anapoteza muda kwa kuwa biashara imelala. Mimi niliyekua naye kijijini Kinole, nikakaa naye dawati moja mpaka darasa la saba, najua kwamba anauliza kwa sababu anataka jibu.

Siku moja alikuja kijana nadhifu, mwalimu wa chuo, akataka iliki.

"Unaitwa nani, baba?"

"Shikamoo bibi. Naitwa Joseph."

"Marahaba. Basi wewe na huyu hapa mna jina moja." Akamwonyesha Yusuph, muuza ndimu wa meza ya pili.

"Hapana bibi, mimi ni Joseph."

"Ndiyo nasema. Lilianzia kwa Wayahudi huko zamani, maana yake Mungu aongeze. Waarabu wakawa nalo, Yusuf, likapanda na dini mpaka kwetu mlimani. Mapadri nao wakalizungusha Ulaya, likaja kuteremkia misheni ya Matombo likiitwa Yosefu. Wewe umelipokea kwa Waingereza. Jina ni lilelile, huku limevaa kanzu, kule limevaa suruali."

Yusuph akadakia, "Basi ndugu yangu, kama Mungu kaongeza, ongeza na ndimu za nduguyo hapa!"

Kijana akacheka, akanunua ndimu ambazo hakuzifuata.

Mambo hayo Mwanaheri aliyapata kwanza kwa maalim Abdulswamad, aliyetufundisha madrasa tukiwa watoto, na mengine kwa kuuliza watu miaka hamsini. Lakini ili mjue kwa nini anauliza, lazima niseme kidogo juu ya desturi yetu, kwa sababu vijana wa siku hizi hata waliozaliwa hapahapa Morogoro hawaijui.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo, tunauita lukolo, unautoa kwa mama. Shamba utakalolima ni la upande wa mama, na ukifa, watakaosema uzikwe wapi ni watu wa mama. Lakini jina watu wa mama hawana. Jina linatoka kwa baba, kwenye majina ya ukoo wake, na hilo ndilo linalomwambia mtu akikusikia tu kwamba baba yako ametoka wapi. Tunasema huo ndio mtala wako. Mtu mwenye lukolo bila mtala ni kama nyumba yenye mlango mmoja. Na jina haliombwi. Upande wa baba wanalileta wenyewe, kwa miguu yao. Watu wa mama wakilifuata, wamekiri mbele ya kijiji kizima kwamba mtoto wao amekataliwa.

Mama yake Mwanaheri aliitwa Mosi, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuzaliwa. Alizaa na fundi wa reli aliyekuwa na kambi Ngerengere, mwanamume wa mbali ambaye hata kabila lake watu walibishana. Kambi ilipohamishwa naye alihama, na Mosi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto akazaliwa. Siku ya saba ikapita, arobaini ikapita, mvua za vuli zikapita, hakuna aliyepanda mlima na jina. Wajomba walikuwa na majina mengi mazuri lakini hawakuweza kutoa hata moja, maana lukolo haumpi jina mtoto wake wenyewe. Wakamwita Mtoto. Mpaka anatambaa, mpaka anatembea, ni Mtoto.

Alipopelekwa madrasa, maalim Abdulswamad akauliza, huyu nani? Wakamwambia hana. Maalim akaandika Mwanaheri. Akawaeleza kwamba mwana ni neno letu sisi watu weusi toka pwani mpaka maziwa makuu, na heri limetoka Uarabuni, ndio kila jambo jema. Jina zuri, nani atasema si zuri? Ila halikutoka kwa mtu yeyote. Hata leo kitambulisho chake cha taifa kinasomeka Mwanaheri Mosi, na makarani wanadhani Mosi ni baba.

Tulichezwa unyago pamoja. Siku ya kututoa nje, kila mwali akitajwa jina, watu wa mtala wake upande wa pili wa uwanja wanasimama na vigelegele, wanamtunza khanga. Langu lilitajwa, wakasimama watu kama ishirini, nami nikavimba kichwa, siwezi kuficha. Likatajwa la Mwanaheri. Upande wa pili palikuwa patupu. Wanawake wakaimba kwa nguvu zaidi ili pale patupu pasionekane, na kwa kuimba kwao kila mtu akapaona. Yeye alikuwa ameinamisha uso kama mwali anavyotakiwa, kwa hiyo sijui alikuwa na sura gani.

Aliolewa vizuri. Mumewe marehemu alikuwa mtu wa Mkuyuni, mpole, na wote wanne waliozaliwa aliwaletea majina siku ya saba asubuhi na mapema, kabla chai haijachemka. Mwanaheri alikuwa akikaa barazani anamwangalia akija na ndugu zake. Aliteremsha ndizi na machungwa kutoka Kinole kwa kichwa, halafu viungo, halafu akapata meza sokoni na nyumba ndogo Kichangani. Hapo ndipo alipomlea mjukuu wake Nasra toka akiwa na miaka sita, mama yake alipofariki.

Nasra alikuwa mwalimu Mlali, na huko akakutana na Simon, bwana shamba, Msukuma wa Maswa. Wakafunga ndoa bomani, kila mmoja na dini yake. Watu walisema waliyosema, wakachoka. Baba yake Simon, mzee Severini, alikuja harusini na gunia la mchele na sauti ndogo sana kwa mtu mrefu vile. Mwanaheri alimpenda. "Huyu mtu anasikiliza," aliniambia.

Masika ya mwaka jana Nasra akajifungua mtoto wa kike. Akaja kwa bibi yake Kichangani kulelewa uzazi, na Mwanaheri siku ya sita alifagia uwanja mara mbili, akaazima viti kwangu.

Siku ya saba hakuja mtu.

Simon alikuja Ijumaa kutoka Mlali, kama alivyokuja kila Ijumaa, na pampasi na nyanya za shambani. Alimbeba mtoto, akamwita bebi, akasema wazee Maswa wanasalimu sana. Kuhusu jina hakusema neno. Mwanaheri naye hakuuliza. Viti vyangu vilikaa kwake wiki tatu kabla ya kurudi.

Arobaini ikapita. Majirani wakaanza. Mpe hata la dini kwanza, mtoto asikae bure. Akawajibu, "Mimi nilipewa la dini kwanza, na la kwanza likawa la mwisho." Kliniki nesi akapiga kelele mbele ya watu: "Bibi, mtoto huyu ana miezi mitatu, kadi bado imeandikwa Mtoto wa Nasra? Mnamsubiri aje ajichagulie?" Watu wakacheka. Mwanaheri alirudi nyumbani akalala bila kuvua viatu.

Nilijua alivyokuwa akifikiri, maana alikuwa akiniambia tukichambua karafuu. Mara ni kwa sababu mtoto ni wa kike. Mara ni dini. Mara mke wa mzee Severini hakumpenda Nasra toka mwanzo. Kila wiki aliwatafutia kosa jipya watu wa Maswa, na kila wiki alizidi kukonda. Kumuuliza Simon ilikuwa rahisi tu, wangesema watoto wa leo. Lakini Simon ni wa upande wa baba. Kumuuliza ndiko kuomba, na Nasra naye bibi yake alimkataza.

Mtoto alipofikisha miezi mitano Nasra akachoka. Alikuwa anaosha chupa za uji, akasema bila kugeuka, "Bibi, Jumatatu naenda kumwandikisha. Ataitwa Jesca."

"Jesca amelitoa nani?"

"Mimi. Nimelipenda."

"Umelipenda. Kama kitambaa."

"Bibi, mimi ndiye mama yake! Likizo yangu na nyongeza yake imeisha, narudi Mlali, wanafunzi wataniuliza mtoto anaitwa nani. Niwaambie nini? Wewe unamngoja mtu ambaye haji."

Mwanaheri alimpokea chupa, akaifuta. Halafu akasema, "Nipe mpaka Jumapili."

Jumamosi nikaenda kwake. Niseme hapa kwamba lukolo wangu na wake ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia usichoambiwa na mwanao, na ukikasirika ni aibu yako. Nilimkuta amekaa na mtoto mapajani, simu yake ya kitochi mbele yake juu ya mkeka.

"Unaiangalia itaota majani?" nikamwambia.

"Niache, mtani."

"Sikuachi. Nimekuja kuona mtu anayemfanyia kitukuu wake alichofanyiwa yeye."

Akainua macho. Nilijua nimemchoma, na nilikusudia. "Wamenikataa mimi mara moja," akasema, "sasa wanamkataa na huyu, unataka nipige magoti?"

"Wewe nani alikukataa? Yule mtu wa reli? Nani alimfuata akamuuliza?"

Mtoto akamshika kidole akakitia mdomoni. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, polepole, miaka yote ile.

"Mama hakuomba," akasema mwisho. "Kambi ilihamia Kilosa. Kilosa si mbali. Watu walimwambia, nenda. Akasema jina haliombwi. Labda yule bwana hakujua hata kama nilizaliwa."

"Labda."

"Na labda alijua."

"Hilo nalo labda. Sasa hata wewe hutajua. Huyu je?"

Akanisukumia simu. "Tafuta namba. Miwani sijui iko wapi." Miwani ilikuwa kifuani mwake, inaning'inia na kamba yake. Nikatafuta namba, nikaweka sauti ya nje.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mwanaheri, wa Morogoro. Bibi yake Nasra."

"Ooo, mama! Mwangaluka, mama! Hamjambo? Mvua vipi huko? Nasra? Mtoto?" Akasalimia kwa Kisukuma chake na kwa Kiswahili, mpaka kuku. Mwanaheri alijibu yote moja moja, kwa utaratibu, halafu akavuta pumzi.

"Mzee Severini, mimi ni mtu mzima, sitazunguka. Mtoto wenu ana miezi mitano. Naomba jina."

Tukasikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Unaomba kwetu sisi?"

"Kwenu."

"Mama, sisi ndio tunangoja kutoka kwenu!"

Mwanaheri akanitazama. Mimi nikaitazama simu.

"Simon alipotaka kuoa huko," ile sauti ndogo ikaendelea, "nilikwenda kuuliza watu waliowahi kukaa Morogoro. Wakaniambia, mzee, Waluguru mtoto ni wa mama. Wewe wa upande wa mume usijipeleke na mdomo wako. Nikamwambia Simon, funga mdomo, wenyewe watakapokuwa tayari watatuambia wamemwita nani. Mama Simon kila asubuhi ananiuliza, wameshampa? Namwambia, subiri. Juzi amelia. Anasema mmetuficha jina la mtoto wetu kwa ajili ya dini."

"Mtoto ni wa mama," Mwanaheri akasema taratibu. "Ndiyo. Jina ni la baba."

"Hilo la pili hawakuniambia."

Mimi nikaangua kicheko, sikuweza kujizuia. Miezi mitano! Watu wazima watano, huku wamekaa kwa heshima na kule wamekaa kwa heshima, na mtoto katikati anaitwa bebi.

"Cheka," Mwanaheri akaniambia. "Cheka mpaka upasuke, nitakuzika mwenyewe." Lakini naye mabega yalikuwa yanatikisika. Akairudia simu. "Mzee, mnalo jina?"

"Tunalo tangu siku aliyozaliwa. Lakini haliwezi kurushwa kwenye simu. Nakuja nalo."

Alifika stendi ya Msamvu na basi la Jumatatu jioni, yeye na mkewe, na asubuhi ya Jumanne tulikaa sebuleni Kichangani. Nasra alikubali kusogeza safari yake siku mbili, kwa shingo upande. Simon alikaa karibu na mlango akiwa na sura ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwanaheri alivaa khanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani.

Mzee Severini akasimama. Akasema salamu za ukoo, akataja baba yake na babu yake, halafu akasema, "Tumemletea mtoto jina la mama yangu mzazi. Ni Nyanzala."

Sikuhitaji mkalimani. Kisukuma na Kiluguru havifanani sana ukivisikia, lakini neno hilo ni moja. Kwao nzala ni njaa na kwetu nzala ni njaa. Nilimwangalia Nasra, ambaye Kiluguru alikinyonya kwa bibi yake, uso umebadilika.

"Njaa?" akasema. "Baba, samahani sana. Mwanangu aitwe Njaa?"

Simon akasema kwa chini, "Nasra."

"Hapana, Simon, niache niulize. Tumekaa miezi mitano tunangoja, halafu ni Njaa? Mtoto ataenda shule na jina hilo? Bibi anaitwa heri, na mimi maana yangu ni ushindi, na yeye awe njaa?"

Mkewe mzee Severini akaangalia sakafu. Mzee hakukasirika. Akaketi kwanza, ndipo akasema, "Una haki ya kuuliza. Mama yangu alizaliwa mwaka wa njaa. Bibi yangu alitembea siku tatu na mimba, anatafuta kwa ndugu, amefunga michembe kwenye kitambaa, vile viazi vikavu. Akamzaa njiani. Walipompa jina hawakumtakia njaa, mwanangu. Waliweka alama kwamba huyu aliipita. Akaishi mpaka ameona vitukuu. Nyumbani kwake ukipita wakati wa kula huulizwi umetoka wapi, unapewa maji unawe." Akamtazama mtoto. "Lakini kama kwenu linaleta mkosi, yapo mengine. Lipo Limi, maana yake jua. Ni zuri. Sitakasirika. Tumeshakosana vya kutosha kwa kunyamaza."

Sasa wote tulimgeukia Mwanaheri. Nasra alimwangalia kama anayesema, umesikia, chukua hilo la jua. Na kweli, mimi mwenyewe moyoni nilisema chukua la jua. Nani anataka kuita njaa ndani ya nyumba yake kutwa mara ishirini?

Mwanaheri hakuwa na haraka. Alimweka mtoto vizuri begani.

"Hili la jua," akauliza, "ni la nani?"

"Si la mtu. Ni jina tu la kwetu, wanapewa waliozaliwa mchana."

"Na hilo la kwanza. Siku huyu mtoto akishuka kwenye basi huko Maswa, peke yake, mkubwa, mimi nimeshakufa na wewe umeshakufa. Akitaja hilo jina, itakuwaje?"

Mzee Severini hakufikiri hata kidogo. "Watasimama. Ni jina la mama yao. Hata wenye mvi watamwita mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mimi ndiye wa kwanza."

Akainuka, akaja mpaka kwenye kiti cha Mwanaheri, mtu mrefu vile, akapiga goti moja mbele ya mtoto wa miezi mitano mwenye udenda mpaka kidevuni. Akasema, "Mwangaluka, mama." Mkewe naye akaja akasema hivyohivyo. Mtoto akawatazama, akamvuta mzee ndevu.

Mwanaheri alikuwa ameinamisha uso. Safari hii nilikuwa nimekaa chini kuliko yeye, kwa hiyo niliuona.

"Nasra," akasema, "maana nimeisikia. Si nzuri. Mimi nimetembea na maana nzuri miaka sabini na ushee, na sijawahi kusimamiwa na mtu. Lakini mtoto ni wako. Sikulazimishi."

Nje Yusuph alikuwa ameleta ndimu za pilau, anabisha hodi, hakuna aliyekwenda kufungua. Nasra alimwangalia mkwewe aliyekuwa bado amepiga goti, magoti ya mzee, yasiyopenda sakafu ya saruji.

"Baba, inuka," akasema. "Inuka, utaumia." Akamchukua mtoto kwa bibi yake, akamgeuza wakatazamana. Akajaribu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja mboga ya moto.

"Nyanzala."

Mtoto hakugeuka. Alikuwa amezoea bebi, na alikuwa anahangaika na kifungo cha shati la mama yake.

"Hasikii," Nasra akasema, akicheka huku anafuta macho kwa kiganja.

"Mwite tena," Mwanaheri akasema. "Atazoea."